Mrejesho: kile kichaka cha maua ya njano juu ya kituo cha Mandara, Kilimanjaro

Wakuu, niliuliza kuhusu kichaka cha maua ya njano kinachoota njia ya Marangu, pale msitu wa Kilimanjaro unapoanza kupisha vichaka. Aliyejibu kuwa ni Hypericum revolutum, nakushukuru sana, ulipatia. Nimepanda mlima tena na kukikagua. Jani ukiliponda linatoa harufu ya binzari ya mchuzi, na mvua ikikatika harufu inajaa njiani kote! Ua hukaa peke yake kwenye ncha ya tawi: petali tano, katikati stameni (nyuzi zenye chavua) tele. Jani ukilielekeza juani unaona alama ndogo zinazopitisha mwanga, ndizo tezi za mafuta. Kinapatikana pia Ethiopia, Kamerun, hadi Afrika Kusini. Mbegu sikuchuma, ile ni hifadhi.