Kupeleka watoto Fourteen Falls: wanaweza kuogelea?

MamaWatatu
Habari za jioni wapendwa. Likizo ya Agosti tunapanga kuwapeleka watoto wa shule ya Jumapili Fourteen Falls, yale maporomoko ya mto Athi kule Kilimambogo. Ni wa miaka 9 hadi 13. Tangu niwaambie, wimbo ni kuogelea tu. Kuna mahali salama? Na wale vijana wa mashua, ni wa kuaminika? Ajibu anayepajua hasa, tafadhali.

MwanaWaKilima
Karibuni kwetu, mama. Mimi ni mzaliwa wa hapa chini ya mlima Ol Donyo Sabuk, ndio huo Kilimambogo, na mto huu naupenda, kwa hiyo nakwambia wazi: watoto wasiingie majini, hata kuchovya miguu.

Mto Nairobi hutoka kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu. Ukikatiza jijini unabeba maji taka ya mitaa na ya viwanda, kisha unaingia Athi kabla Athi haijatufikia. Lile povu mtakaloliona chini ya maporomoko msidhani ni maji kuanguka tu. Kuna siku harufu inakulaki kabla hujauona mto. Mama yangu alichota hapa maji ya kunywa. Mimi wanangu siwaruhusu kuyagusa. Inaniuma sana.

Halafu kuna kujaa kwa ghafla. Hapa jua linawaka, kumbe usiku mvua ilipiga Ngong na Nairobi. Maji yanapanda na wewe umesimama kwenye mawe huna habari. Masika yakikolea, maporomoko hayahesabiki tena, yanakuwa ukuta mmoja wa maji ya udongo. Agosti mmechagua vizuri, mto huwa umepungua na kila poromoko linaonekana peke yake.

Vijana wa mashua wengi ni watu wazuri na wanaujua mto. Patana bei ya kwenda NA kurudi kabla hamjapanda. Kila mtoto avae jaketi la kuokolea maisha linalomkaa, likimpwaya, asipande. Na wale wanaoruka kutoka juu ili walipwe, msiwape pesa mbele ya watoto. Ni majirani zangu, lakini mtoto wa miaka 10 akiona hivyo naye atataka kujaribu.

DerevaWaThika
Naunga mkono. Kutoka Thika shika barabara ya Garissa, kisha kata kulia kuelekea Ol Donyo Sabuk. Wavae raba zenye meno, yale mawe yana utelezi hata pakiwa pakavu.

MamaWatatu
Asanteni sana. Sasa bila kuogelea, siku nzima watafanya nini?

MwanaWaKilima
Mama, kazi ipo tele! Wafikisheni asubuhi, kabla watu hawajajaa, wayatazame maporomoko kutoka ukingoni. Waambieni maji hayo hayo huko mbele yanaitwa Galana, kisha Sabaki, mpaka yamwagike baharini karibu na Malindi. Mchana nendeni mlimani, ni hifadhi ya taifa, kilele kina mita 2,145. Si lazima wafike juu. Ila nyati wapo kweli, jina Kilimambogo halikuja bure, kwa hiyo ombeni askari wa hifadhi awasindikize. Chakula na maji ya kunywa mbebe kutoka nyumbani, na mifuko ya kurudi na taka zenu.