Wahudumu wangu wamezima kabisa, hivi kuchora na kuimba kunasaidia kweli?

mlezi_zamu_usiku:
Habari zenu wadau. Mimi nasimamia wahudumu 14 kwenye kituo cha kulea wazee. Miezi miwili iliyopita mafua makali yalitupitia, wazee wetu sita wakafariki ndani ya wiki tatu, na hao si wagonjwa wa kuja na kuondoka, ni watu tuliowaogesha na kuwalisha miaka, unajua kabisa huyu chai anataka ipoe kwanza, yule usipomwita kwa jina la mwanawe hafungui mdomo. Ugonjwa umeisha ila wahudumu wangu hawajarudi. Juzi usiku nimemkuta mmoja anatandika kitanda kisicho na mtu, anakunja pembe za shuka vizuri, akimaliza anatandua anaanza upya. Namuuliza vipi, ananijibu niko sawa bosi. Sasa uongozi unataka kumleta mtu wa sanaa, kuchora, kuandika, kuimba, saa moja kila Jumamosi. Wenyewe wamenuna, wanasema tunataka usingizi sio kalamu za rangi. Kuna aliyewahi kujaribu? Inasaidia au tunawapotezea watu muda?

nesi_wa_wodi:
Pole sana ndugu yangu, sita ni wengi mno. Hiyo Jumamosi ni siku yao ya kazi au ya kupumzika? Kama ni ya kupumzika wana haki ya kununa. Sisi 2020 wakati wa korona tuliletewa semina ya kupumua baada ya zamu ya masaa 12, mtu barakoa imemchora mashavu halafu unamwambia avute pumzi ahesabu mpaka nne, watu walilia kwa hasira. Shirika la Afya Duniani lilikadiria wahudumu wa afya kama 115,000 walikufa kwa korona kati ya Januari 2020 na Mei 2021, yaani tulizika wenzetu na kesho yake pengo lao kwenye ratiba tunaliziba sisi sisi. Na shirika hilohilo mwaka 2019 kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, lilisema kule kuishiwa nguvu na moyo wa kazi ni jambo linalotokana na kazi, halikuliita ugonjwa. Kwa hiyo ratiba kwanza, rangi baadaye.

fundi_wa_rangi:
Naendesha vipindi vya namna hii na namuunga mkono nesi asilimia mia. Kiwe ndani ya saa za kazi, kuwe na mtu wa kuwashikia zamu, na asiyetaka asiulizwe kwa nini. Nyingine, msimlazimishe mtu kusimulia. Hata Shirika la Afya Duniani halishauri kumkalisha mtu aliyetoka kwenye tukio zito akaeleza yote kwa kikao kimoja. Ndio maana mimi naanza na mikono, maneno yatakuja yakitaka.

Kikundi kimoja nilikipa foronya za zamani wakate vipande, kila mtu ashone chochote kuhusu mzee aliyempoteza. Dada mmoja wiki ya kwanza alishona kifungo kimoja cha kijani katikati ya kitambaa cheupe, basi, akakaa kimya. Wiki ya tatu ndio akasema mzee wake alikuwa anazungusha kifungo cha sweta kila akisubiri dawa, na siku ya mwisho yeye ndiye alimvua lile sweta. Hakuna aliyemjibu, aliyekaa pembeni yake alimsogezea uzi tu.

Kuhusu kuandika, kuna jaribio la watafiti Pennebaker na Beall la 1986, wanafunzi waliandika mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika tukio pamoja na walivyojisikia, palepale walizidi kuwa na huzuni, ila miezi iliyofuata walienda kliniki mara chache zaidi. Kwa hiyo usiwaandikishe watu halafu uwatume moja kwa moja kwenye zamu, wape nafasi ya kutulia kwanza.

kijana_wa_zamu:
Mimi kuchora siwezi na sitaki, kwetu tuliimba. Dakika tano wakati wa kupokezana zamu, wanaotoka na wanaoingia pamoja, nyimbo walizozipenda wazee wenyewe, na tulianza wenyewe bila kupangiwa na mtu, nadhani ndio maana imedumu. Waulize watu wako kwanza kabla hamjamlipa huyo mtaalamu.

mlezi_zamu_usiku:
Asanteni sana jamani. Leo nimeongea na uongozi, kipindi kinahamia Jumatano mchana na wamekubali kuleta watu wawili wa kushika zamu, nimegoma kuanza mpaka hao wawili wafike. Nimewauliza wahudumu pia, tisa wamechagua kushona, wawili kuimba, watatu wameomba saa hiyo walale na nimewaruhusu. Yule wa kitanda kaniuliza kama anaweza kutumia ile shuka yenyewe. Fundi, vile vitambaa mlivipeleka wapi mwisho? Uongozi umeshaanza kusema vitundikwe mapokezi wageni waone.

fundi_wa_rangi:
Mpe shuka yake. Na mapokezi hapana, labda washonaji wenyewe waseme hivyo. Wetu walikataa, vipo kwenye droo chumba cha kubadilishia nguo na kila mhudumu anajua ufunguo unakaa wapi.