Mchuzi wangu rangi iko, ladha hakuna. Nisaidieni wadau

kijana_wa_Pipeline
Wadau habari zenu, naombeni ushauri na msinicheke sana. Nakaa na bro yangu mdogo huku Pipeline, Nairobi, tunapikia ile gesi ya kilo sita ya meko. Ugali na sukuma sina shida, chapati pia zinakubali, lakini nikijaribu kari ya kuku ama ndengu ikae kama ile unakula kwa mahoteli ya Wahindi kule Parklands, inatoka tu maji ya njano. Ikiwa kwa moto inanukia mpaka jirani anauliza unapika nini, ukionja sasa ni kama supu imepakwa rangi. Nikiona hivyo naongeza curry powder na hapo ndio inaharibika kabisa, inakuwa chungu na unasikia unga unga kwa ulimi.

Venye mimi hupika ni mafuta kidogo, kitunguu moja, ikishalainika kama dakika mbili tatu naweka nyanya, naweka kuku, maji, halafu curry powder na chumvi nikikaribia kuepua. Shida iko wapi? Na tafadhali msinitume ninunue vitu ishirini, bajeti haiko hivyo.

MamaWawili_Ngara
Kijana, shida iko hapo kwa dakika mbili tatu. Hicho kitunguu hujakaanga, umekipasha tu moto. Mimi nimeishi plot moja na majirani Wahindi miaka mingi na kitu nilichoona kwao si viungo vingi, ni subira kwa kitunguu. Kwa kuku nusu chukua vitunguu viwili vikubwa, katakata vidogo vilingane, mafuta usiogope, weka kijiko kikubwa tatu nne. Tia chumvi kidogo hapo mwanzo ndio kitoe maji haraka. Moto wa kati, koroga, acha, koroga. Kwanza kitatoa mvuke mwingi na kitaonekana kama kinachemka, halafu mvuke unaisha na sauti ya sufuria inabadilika, inaanza kulia vile mafuta hulia, hapo ndio kinaanza kushika rangi. Unataka rangi ya kahawia kama ya chai ya rangi, si dhahabu. Kikishika chini nyunyiza maji kijiko kimoja, kwangua ile imeshika, endelea. Hesabu dakika kumi na tano mpaka ishirini.

Ndio sasa weka thomu na tangawizi iliyopondwa, dakika moja tu juu thomu ikiungua ni uchungu mtupu. Halafu viungo vya unga ndani ya HAYO MAFUTA, si ndani ya maji. Harufu na ladha ya viungo vingi inatoka kwa mafuta, ukivimwaga kwa maji mwishoni vinabaki vibichi, ndio huo unga unga unasikia. Lakini viungo vya unga vinaungua haraka sana, kwa hivyo nusu dakika hivi, halafu mwaga nyanya. Nyanya nazo kaanga mpaka uone mafuta yamejitenga yanaelea pembeni. Kabla ya hapo usiweke kuku wala maji, hata kama njaa inakusumbua.

Otis_wa_mtaa
Dakika ishirini za kitunguu peke yake?? Na gesi venye imepanda? Mama hii recipe ni ya matajiri wa Runda 😂

MamaWawili_Ngara
@Otis_wa_mtaa cheka tu. Jumapili kaanga vitunguu vya siku kadhaa mara moja pamoja na nyanya, kikipoa weka kwa kopo kwa friji, kinakaa siku tatu nne vizuri. Ukirudi job ni kuchota, kuweka viungo na kuku, kwisha. Hapo si umeokoa gesi?

bizari_nzima
Mama ameshasema kubwa, mimi naongeza hii ya viungo. Hiyo curry powder ya kopo usitupe lakini usiitegemee. Ni kitu walizoea Waingereza, ilikuwa inauzwa London tangu karne ya 18 kwa watu wametoka India na wanataka njia ya mkato. Jikoni kwa Wahindi wenyewe kila chakula na mchanganyiko wake. Sasa na bajeti yako nunua vitatu tu: bizari nyembamba nzima (ile ya pilau), dhania kavu nzima, na manjano ya unga. Nzima zinakaa miezi mingi bila kupoteza nguvu, za unga zinachoka haraka hasa zikikaa wazi dukani kwa jua. Pima kwa pua: sugua kidogo kwa kiganja, kama hainukii hapo usitegemee itanukia kwa sufuria.

Nyumbani weka dhania vijiko viwili na bizari kimoja kwa kikaango kikavu, moto mdogo, tingisha mpaka inukie, epua MARA MOJA kwa sahani juu kikaango bado kina moto kitaendelea kuchoma. Ponda kwa kinu. Manjano usichome, robo kijiko inatosha, huo uchungu wako naona ni manjano nyingi kwa ile powder pamoja na kuweka mwishoni.

Otis_wa_mtaa
Si uchukue tu mchuzi mix uendelee na maisha

bizari_nzima
Mchuzi mix ni sawa kwa stew, hakuna mtu amekataa. Jamaa ameuliza kari.

BintiKisauni
Mwanangu wa Pipeline, hao wote wamesema kweli ila wamesahau nazi 😊 Mimi ni wa Mombasa nimeolewa huku Nairobi. Ikune nazi yako, kamua tui la kwanza, hiyo kasimile, weka kando. Chicha usitupe, tia maji ya vuguvugu ukamue tena upate tui jepesi. Kuku mchemshe kwa hilo jepesi, kasimile utie mwisho kabisa, moto mdogo, koroga taratibu, lisitokote kwa nguvu maana tui likikatika huna la kulirudisha. Halafu kamua ndimu ukishaepua. Watu wengi wanaongeza bizari kumbe mchuzi umekosa chumvi au ukali kidogo wa ndimu ama ukwaju. Onja hivyo kwanza.

Na jambo jingine, huku mko juu, karibu mita 1,800 kutoka baharini, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi si 100. Ndengu na kuku wa kienyeji huchukua muda kuliko kwetu pwani. Loweka ndengu usiku, usizitie nyanya mpaka ziive.

kijana_wa_Pipeline
Aki asanteni sana, sikujua kitunguu ni kazi hivyo. Maswali mawili. Sina blenda, nyanya nifanye aje? Na hiyo ndengu nikishachemsha nazipika na huo mchuzi wote ama?

MamaWawili_Ngara
Nyanya zikune kwa ile grater ya karoti, ganda linabaki mkononi unatupa. Mimi hata blenda niko nayo na situmii, kitunguu kibichi kikisagwa kinatoa maji mengi na kinakaa na ladha kali.

bizari_nzima
Hapo kwa blenda sikubaliani na mama, mahoteli mengi wanasaga, ila wanachemsha kitunguu kwanza. Tuachane na hiyo. Ndengu fanya hivi: mchuzi wa kitunguu na nyanya pika mdogo tu uchanganye. Ukishaepua, kwa kikaango kidogo chemsha mafuta vijiko viwili, tupa bizari nzima nusu kijiko, ikianza kupasuka weka thomu iliyokatwa nyembamba na pilipili moja, thomu ikishika rangi mwaga yote juu ya ndengu, funika haraka. Hiyo tarka ndio ile harufu unatafuta ya Parklands.

kijana_wa_Pipeline
Sawa sawa. Kesho nikitoka job napitia Ngara nichukue hizo tatu. Iliki na mdalasini niko nazo za chai, naweza weka?

BintiKisauni
Tia tu, iliki mbili na kijiti kidogo cha mdalasini, kwenye mafuta kabla ya kitunguu. Ila hizo za unga za chai waachie chai.

Otis_wa_mtaa
Ukipika niite, nakaa hapo tu Tassia. Nitakuja na chapati