Nibaki na chama changu, nihame, nimpe mgombea binafsi au niharibu kura? Nimesoma ilani mpaka mwisho

Msoma_Ilani
Wakuu habari zenu. Naomba mnisaidie kuamua, siku za kampeni zimebaki chache na bado nimekwama.

Nimekipigia kura chama kimoja mara tatu mfululizo. Sikupewa kofia wala fulana, nilikiamini tu. Mara hii nikasema kabla sijaenda kupanga foleni nisome ilani yote, siyo ule muhtasari wa kwenye mabango. Nikaitafuta na ile ya uchaguzi uliopita, nikaziweka mezani pamoja, ukurasa kwa ukurasa.

Nilichokiona kimenivunja moyo. Mara iliyopita waliandika "tutajenga" na "tutaajiri", wakataja na mwaka wa kukamilisha. Safari hii vitenzi vimebadilika: tutaimarisha, tutahakikisha, tutaendelea kuboresha, tutaangalia namna ya. Kisima kikichimbwa kinaonekana. Huduma ya maji "ikiimarishwa" utaipima kwa kipimo gani? Nani atasimama aseme haikuimarishwa? Na aya ya maji yenyewe ni ileile neno kwa neno, ila mwaka umeondolewa. Sura ya kwanza inapunguza kodi, sura ya tano inaajiri walimu na wauguzi, na hakuna ukurasa hata mmoja unaosema fedha zitatoka wapi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Ahadi ya kuwapa ajira ya kudumu wafanyakazi wa mikataba ya muda mfupi, iliyonifanya nikipende chama hiki, haimo. Hawakusema wameshindwa, hawakusema wameiahirisha. Imetoweka. Mimi ni mmoja wa wafanyakazi hao, mwaka wa saba huu nasaini mkataba wa miezi sita sita.

Kwa hiyo napima: nibaki nacho kwa kuwa nakijua, nihamie kingine, nimpe mgombea binafsi, niharibu karatasi, au nikae nyumbani. Ninyi mngefanyaje?

Kada_Mstaafu
Mleta mada, umeandika vizuri ila umeacha yale tunayoyahitaji ili tukushauri. Unachagua nani: rais, mbunge au diwani? Kwenu mwenye kura nyingi ndiye anachukua, au viti vinagawanywa kwa uwiano? Mara iliyopita walipishana kwa kura ngapi? Na huyo mgombea binafsi ana sifa gani, maana kuwa "binafsi" peke yake siyo sifa. Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Zamu_ya_Usiku
Mimi sihitaji kujua hayo yote. Mpe mgombea binafsi. Mbunge wa chama siku ya kura bungeni anafuata msimamo wa chama, hata kama kwako aliahidi kinyume chake, kwa sababu anaogopa kukatwa jina uchaguzi ujao. Binafsi hana wa kumkata isipokuwa wewe. Nimefanya hivyo mara mbili na sijajuta.

Hesabu_za_Bunge
Dada Zamu, huyo wako wa mara mbili alipitisha nini? Nauliza kwa heshima. Mabunge mengi hugawa nafasi za kamati na muda wa kuzungumza kupitia vyama. Mbunge wa peke yake anabaki kuomba. Anakuwa na nguvu pale tu ambapo hakuna chama chenye wingi. Australia 2010 vyama vikuu vilitoka sare, na wabunge binafsi wachache ndio walioamua Julia Gillard aunde serikali, baada ya kujadiliana naye masharti. Hali kama hiyo haitokei kila uchaguzi, na huwezi kuipanga ukiwa kwenye kibanda cha kupigia kura.

Zamu_ya_Usiku
Aliuliza maswali ambayo hakuna mwingine aliyethubutu kuuliza. Kwangu hilo ni kazi.

Karani_wa_Maoni
Naomba nieleze yaliyonipata, kwa sababu mleta mada anafikiria kuhama na mimi nilihama.

Chama nilichohamia kilikuwa kipya, kikasema ilani yake itaandikwa na wananchi wenyewe. Nikajitolea kukusanya maoni. Tulikuwa watu sita, tukagawana mitaa, na kwa wiki tano nilizunguka na daftari kila jioni nikitoka kazini. Nilikaa na madereva, mafundi cherehani, walimu. Muuguzi mmoja alitoka zamu ya usiku, macho mekundu, akasimama nami saa nzima pembeni ya lango la hospitali akinieleza kwa nini kumwachia mtu mmoja wodi nzima usiku kunaua wagonjwa. Alichukua kalamu yangu akachora jedwali la jinsi zamu zingeweza kupangwa upya bila fedha nyingi. Nikamwambia haya yataingia. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe.

Tulichapa kurasa 63, tukazifikisha makao makuu siku ya mwisho tuliyopewa. Siku nane baadaye ilani ikazinduliwa, ya rangi, yenye picha nzuri. Nikaanza kutafuta. Neno "zamu" halimo. Jedwali halimo. Nikamuuliza kijana aliyepanga kurasa, naye akanijibu, bila kujua uzito wa anachokisema, kwamba faili la mwisho alikabidhiwa wiki mbili kabla sisi hatujawasilisha. Nikasimama kikaoni nikauliza. Nikaambiwa maoni yote yamezingatiwa, tuendelee na ajenda inayofuata.

Jioni ileile yule muuguzi akanitumia ujumbe: "Nimeipata ilani. Ni ukurasa gani?" Sikumjibu kwa siku mbili. Nilipomwambia ukweli aliandika "Asante kwa kunisikiliza", basi. Mpaka leo nikipita lile lango natazama chini.

Ndugu yangu, usihame kwa sababu ya karatasi. Uliza nani aliiandika na aliimaliza lini.

Mwalimu_Peni
Pole sana Karani. Nimeisoma mara mbili.

Sasa mnaona kwa nini natetea kuharibu kura? Anayekaa nyumbani anahesabiwa mvivu. Anayekwenda, akapanga foleni juani, akawakataa wote, huyo ameacha ujumbe.

Hesabu_za_Bunge
Ujumbe gani, mwalimu? Karatasi yako inawekwa rundo moja na ya mtu aliyeweka alama mbili kwa bahati mbaya. Ufaransa tangu 2014 wanahesabu kura tupu, zile zisizochagua mgombea yeyote, kando na zilizoharibika, lakini bado haziingizwi kwenye kutafuta asilimia za wagombea. India, baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2013, wameweka kitufe cha "hakuna hata mmoja". Kwenye uchaguzi wa wabunge, kitufe hicho hata kikiwazidi wagombea wote, mgombea aliyeongoza wenzake ndiye anayeapishwa.

Mwalimu_Peni
Angalau kinahesabiwa na idadi inatangazwa. Kiongozi anaingia ofisini akijua ni wangapi waliomkataa. Mimi sidai zaidi ya hapo kwa kuanzia. Na ningependa kupiga kura iwe lazima kama Australia, tangu 1924 wanatoza faini. Chama kikijua kila mtu atakuja, kinalazimika kuzungumza na kila mtu.

Zamu_ya_Usiku
Kumlazimisha mtu achague kati ya watu waliomdanganya? Hapana, hilo siliungi mkono hata kidogo.

Kada_Mstaafu
Tumeshatoka nje ya mada. Mleta mada yuko wapi?

Msoma_Ilani
Nipo, nilikuwa kazini. Samahani kwa kuacha mambo muhimu. Ni ubunge. Mwenye kura nyingi anachukua hata kama hajafika nusu. Mara iliyopita chama changu kilishinda jimboni kwa tofauti ya kura chini ya mia nne. Wagombea wako wanne. Binafsi ni mwalimu mkuu mstaafu, anaheshimika, ana karatasi ya kurasa mbili, yote ni barabara na shule. Kuhusu ajira hajasema kitu. Ilani ya chama cha pili sijaisoma bado.

Kada_Mstaafu
Hujaisoma! Basi umelinganisha chama na chama hichohicho cha miaka iliyopita. Kazi uliyoifanya wengi hawaifanyi na nakuheshimu kwa hiyo, lakini siku ya kura hakuna kisanduku cha kuchagua ilani ya zamani.

Na hizo kura mia nne ni jambo zito. Wewe na wenzako wachache mkimpa binafsi, anaweza kupita yule msiyemtaka kabisa. Maurice Duverger, msomi wa siasa wa Ufaransa, alilieleza hilo katikati ya karne iliyopita: mfumo wa duru moja, mwenye nyingi achukue, huwasukuma watu kwenye vyama viwili kwa kuogopa kura zao kupotea. New Zealand waliuacha baada ya kura ya maoni ya 1993, na tangu 1996 viti vyao vinafuata uwiano wa kura. Nyinyi bado mko kwenye ule wa zamani, kwa hiyo piga kura kwa mfumo ulionao.

Zamu_ya_Usiku
Mzee Kada, kila uchaguzi tunaambiwa "usipoteze kura". Chama kikishajua huna pa kwenda, ndipo kinapofuta mwaka kwenye aya ya maji. Kilimwondolea mleta mada ahadi yake kwa sababu kina uhakika naye. Atakuwa na maana lini kwao kama hawezi kuondoka?

Kada_Mstaafu
Hilo sina jibu lake la haraka. Nilikaa kwenye vikao vya kuandika ilani miaka mingi, na ni kweli kwamba waliokuwa na uhakika wa kutupigia kura hatukuwajadili kwa muda mrefu. Tuliwajadili wale waliokuwa wanasitasita.

Hesabu_za_Bunge
Niongeze la kutia moyo. Watafiti walifuatilia ahadi zaidi ya 20,000 kutoka kampeni 57 katika nchi 12, matokeo yakachapishwa 2017. Vyama vilivyotawala peke yake vilitimiza sehemu kubwa ya walichoahidi, vilivyogawana madaraka na vingine vilitimiza pungufu. Kwa hiyo "wote ni waongo" si kweli. Mleta mada, ungehesabu pia zilizotimizwa kwenye ilani ile ya zamani, siyo zilizofutwa tu.

Karani_wa_Maoni
Zimetimizwa zipi lakini? Kwenye hesabu, ahadi ya kuunda tume na ahadi ya kuajiri wauguzi kila moja ni moja. Uingereza 2010 wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini hadharani kwamba watapinga kupandishwa kwa ada ya vyuo vikuu. Wakaingia serikali ya mseto, na Desemba mwaka uleule Bunge likapitisha kikomo cha ada kipande kutoka pauni 3,290 hadi 9,000 kwa mwaka, baadhi ya wabunge wao wakiunga mkono. Mwaka 2015 wakatoka viti 57 wakabaki na 8. Inawezekana walitimiza mengine mengi. Vijana waliwapa kura kwa lile moja.

Mwalimu_Peni
Ndiyo maana nasema ilani iwe mkataba wa kisheria. Katiba ya Kolombia ya 1991 inawafunga magavana na mameya kwenye programu waliyoisajili wakati wa kugombea, na wananchi wanaweza kuitisha kura ya kuwaondoa.

Kada_Mstaafu
Na majaribio mengi ya kuwaondoa yamekwama, saini hazitoshi au wapiga kura hawajitokezi. Halafu fikiria korona 2020, bajeti za dunia nzima zilipinduka. Ungemshtaki nani? Jambo jingine: waandishi wa ilani wakijua kuna mahakama, hawataweka tarakimu hata moja. Vile vitenzi vya mleta mada vitajaa kurasa zote.

Hesabu_za_Bunge
Uholanzi wana njia ya kati. Tangu 1986 taasisi yao ya uchambuzi wa uchumi, CPB, inapiga hesabu za ilani za vyama kabla ya uchaguzi: kodi hii itaingiza kiasi gani, ajira hizi zitagharimu kiasi gani. Si lazima, na si vyama vyote vinavyopeleka. Ila ile kodi ya sura ya kwanza na ajira za sura ya tano zingewekwa jedwali moja, kila mtu akaziona zinavyogongana.

Zamu_ya_Usiku
Hesabu zitaona mishahara na kodi. Yule muuguzi wa Karani na jedwali lake la zamu nani angempigia hesabu?

Hesabu_za_Bunge
Hapo umenishika. Wasingemwona.

Msoma_Ilani
Nawashukuru wote. Nimepakua ilani ya chama cha pili sasa hivi. Nimeanza kwa kutafuta neno "mikataba". Limo mara tatu, mbili ni za uwekezaji, moja ni ya wafanyakazi. Wanasema "tutapitia upya sheria". Hakuna mwaka hapa pia. Lakini wamelitaja, na changu hakijalitaja. Sijui kama hiyo ni tofauti ya kweli au natafuta sababu ya kuondoka. Nitaisoma yote mpaka mwisho.

Karani, wewe safari hii unampa nani?

Karani_wa_Maoni
Sijaamua. Zile kurasa 63 bado ninazo. Wiki iliyopita nilizipeleka kwa wagombea wote wa jimbo letu, mkononi, wala sikuuliza chama. Mmoja amenipigia jana akauliza lile jedwali la zamu lilichorwa na nani, na kama anaweza kuonana naye. Namba ya muuguzi ninayo. Nashindwa kumpigia.

Zamu_ya_Usiku
Mpigie, kaka. Mwambie yote kama ulivyotueleza hapa, kisha yeye ndiye aamue kama anataka kuonana na mtu.

Mwalimu_Peni
Huyo aliyepiga ni wa chama gani?