Kigiriki cha kale na Kilatini kwa mpigo: nianze na kipi?

Mwana_Majengo (Moshi): Wakuu, salaam. Chuo kikifunguliwa nitasoma lugha zote mbili. Nina miezi miwili mkononi. Nitangulize ipi, na watu hukwama wapi hasa?

Mwl_Sanawari (Arusha): Tanguliza herufi 24 za Kigiriki, wiki moja inatosha ukiziandika kwa mkono kila siku. Usiandike Kigiriki kwa herufi zetu: tuna "e" moja na "o" moja, kwa hiyo eta (e ndefu) na epsilon (e fupi) zitageuka kitu kimoja, na omega (o ndefu) na omikron (o fupi) vilevile. Kisha hamia Kilatini. Nomino zake zina makundi matano, na wengi hukariri jedwali la miisho yake kama wimbo, juu hadi chini. Wakikutana na *puellae* peke yake, kimya. Neno hilo laweza kuwa "ya msichana", "kwa msichana" au "wasichana" wanaotenda. Jipime kinyumenyume: andika *-ae* kwenye kikaratasi, utaje kazi zake zote.

Binti_UsaRiver: Naongezea upatanisho. Ngeli zimetuzoesha, ila usitegemee miisho ifanane. Ni *poeta bonus* (mshairi mzuri), si *poeta bona*, kwa kuwa *poeta* ni ya kiume ingawa huishia na -a, kama tusemavyo "kiongozi mzuri", si "kiongozi kizuri". Kwa hiyo kila nomino ikariri pamoja na jinsia yake. Vitenzi navyo vina sehemu nne za kukariri, mfano kitenzi cha kubeba: *fero, ferre, tuli, latum*. Ukishika *fero* tu, siku ya *tulerunt* (walibeba) utapekua kamusi hadi usiku.

Mwana_Majengo: Shikamoo mwalimu, na asante dada. Vitabu vya Kigiriki ninavyovipata hapa ni vya wanafunzi wa teolojia. Vitafaa?

Mwl_Sanawari: Marahaba. Vinafaa sana. Kigiriki cha Agano Jipya kimetokana kwa sehemu kubwa na kile cha Athene, na sarufi nyingi ni ileile. Anza na Injili ya Yohana: sentensi fupi, maneno yanarudiarudia. Lakini Biblia ya Kiswahili ifunge kabisa! Mistari unaijua kwa moyo, utadhani unasoma kumbe unakumbuka. Ndiyo maana mapema uhamie kwa Xenophon, mwandishi wa kale wa Athene ambaye hujamsikia kanisani.

Binti_UsaRiver: Na ukikuta ἔλαβον (nilichukua, au walichukua) usiitafute kwenye epsilon. Ile ἐ- ya mbele ni alama ya wakati uliopita. Kamusi inaiweka chini ya λαμβάνω (nachukua). Tovuti ya Perseus itakuchambulia neno bure, ila kisia kwanza kwa penseli ndipo ubofye.