Santorini mara ya pili: Oia tena, Fira au Perissa?

bintimwera: Wakuu habari zenu. 2019 tulienda Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, na mume wangu siku mbili tu, tukalala Oia, hela ikateketea na nilichoambulia ni migongo ya watu, maana kuona jua likizama pale unasimama saa nzima unakwepa viwiko vya wenye simu. Sasa mwezi wa 10 mwanzoni tunarudi, siku 5, tunatokea Ujerumani. Tulale wapi? Bajeti ya kawaida jamani.

mzee_wa_feri: Dada, Oia ulishaiona, achana nayo. Kaa Fira. Mabasi karibu yote yanaanzia stendi ya Fira, ukilala kwingine kila safari unashuka pale kwanza ndo upande lingine. Ukiimisi Oia nenda kwa miguu kwa kufuata ukingo wa kaldera (lile shimo kubwa la volkano lililojaa bahari), kama kilomita 10, masaa matatu hivi, anza saa moja asubuhi na maji mkononi coz kivuli hakuna.

kokoto_nyeusi: Fira siku meli za kitalii zimetia nanga ni Kariakoo ya mkesha wa Idi mkuu, usimdanganye dada wa watu. Foleni ya gari la kebo la bandarini haisogei, na ngazi za kushuka bandari ya zamani ni karibu 600 na zimejaa mavi ya punda. Mi ni timu Perissa. Kaldera huioni, kweli, ila vyumba ni nafuu, bahari hii hapa mlangoni na mchanga mweusi tii. Nilienda Julai nikaacha ndala chumbani, saa saba mchana nikarudi narukaruka kama kuku kakanyaga makaa, wazungu wananicheka.

bintimwera: 😂😂 Na matetemeko je? Mama mkwe kashaanza kupiga simu.

mzee_wa_feri: Yale ya Februari 2025 yalitokea baharini kuelekea kisiwa cha Amorgos, watu kwa maelfu walihama kisha wakarudi. Volkano yenyewe ililipuka mara ya mwisho 1950. Oia ilibomolewa na tetemeko la 1956, hizo nyumba unazopiga nazo picha nyingi zilijengwa upya.

kipepeo88: Popote mtakapolala msiikose Akrotiri, mji uliofukiwa na majivu miaka kama 3,600 iliyopita, mitungi bado imesimama vyumbani na mifupa ya watu haikuonekana, inaonekana walishtuka mapema wakakimbia. Kuna paa, hata mvua ikinyesha poa. Ila kama shida yenu ni volkano hasa, nendeni Nisyros, kisiwa kingine cha Ugiriki, unavuka kwa boti toka kisiwa cha Kos, unashuka kwa miguu mpaka ndani ya kreta ya Stefanos, ardhi inatoa moshi na harufu ya mayai viza. Viatu vyangu vilinuka wiki nzima.

bintimwera: Nisyros nimeitamani ila nauli ya pili hapana. Mume kasoma yote kasema Perissa, Fira tutapanda basi. Ndala zake abebe mwenyewe.