Kopo limeandikwa «haina sukrosi» lakini maziwa ni matamu: kiwango cha kimataifa kinasemaje?

Mama Neema, Majengo, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Binti yangu ana miezi 14. Nilimnyonyesha hadi alipofikisha miezi kumi, kisha nikaugua na ikanilazimu kumpa maziwa ya kopo. Wiki iliyopita muuza duka la dawa alinishauri nihamie kopo la umri wake, yaani la mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Kabla sijampa nilionja kijiko kimoja, nikahisi utamu ambao sikuuhisi kabisa katika kopo la kwanza. Mbele ya kopo pameandikwa kwa herufi kubwa kuwa maziwa hayo hayana sukrosi. Nyuma, kwa herufi ndogo kiasi kwamba nililazimika kulisogeza dirishani ili nisome, orodha ya viambato inaanza na maziwa ya unga, inafuata sirapu ya glukosi, kisha maltodekstrini.

Tangu aanze kopo hilo, anasukuma kwa mkono kikombe cha maziwa ya ng'ombe tunayoletewa kutoka Kibosho, maziwa ambayo kaka zake wote wamekulia. Naomba anayefahamu anieleze: je, viwango vya kimataifa vinaruhusu jambo hili, na kama vinaruhusu, ni kwa hoja gani?

Mfamasia, Kaloleni, Arusha

Mama Neema, pole kwa kuugua. Umeuliza swali ambalo wataalamu wamebishana nalo kwa miaka mingi, na ili jibu lieleweke ni lazima kwanza tutenganishe makopo mawili ambayo rafu za maduka yetu huyapanga bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja.

Kopo la mtoto mchanga linaongozwa na kiwango cha Codex cha mwaka 1981, kilichofanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007. Codex ni tume ya viwango vya chakula vya kimataifa, iliyoundwa na Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani mwaka 1963. Kiwango hicho kinataka wanga wa maziwa hayo utokane hasa na laktosi, ambayo ndiyo sukari ya maziwa ya mama, pamoja na minyororo ya glukosi kama maltodekstrini. Sukrosi, yaani sukari hii ya miwa tunayotia kwenye chai, inatakiwa kuepukwa isipokuwa pale inapohitajika, na fruktosi vilevile. Sababu iliyoandikwa ndani ya kiwango chenyewe ni nzito: wapo watoto wachache wanaozaliwa bila uwezo wa kuvunjavunja fruktosi, na kwa kuwa sukrosi nayo ina fruktosi ndani yake, mtoto wa namna hiyo akipewa kabla hali yake haijagunduliwa anaweza kutapika, kuishiwa sukari ya damu na kuharibikiwa ini hata kupoteza maisha.

Kopo ulilonunua liko chini ya kiwango kingine, cha mwaka 1987, ambacho marekebisho yake yalichukua takriban muongo mzima hadi yalipopitishwa mwaka 2023. Kwa maziwa ya mwaka mmoja hadi mitatu, sukrosi na fruktosi haziruhusiwi kuongezwa, na sukari nyingine rahisi, ukiacha laktosi, zisizidi gramu 2.5 kwa kila kilokalori 100. Kwa hiyo aliyeandika «haina sukrosi» hakusema uongo, ila hajakuambia habari yote, na hilo ndilo linaloniudhi. Sirapu ya glukosi ni sukari. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori nne, hivyo gramu 2.5 ni asilimia 10 ya nishati yote ya kikombe, sawasawa na ukomo wa juu uliowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2015, ambalo lilisema pia kuwa kushuka chini ya asilimia 5 kungekuwa bora zaidi.

Muuguzi mstaafu, Moshi

Namshukuru mfamasia. Niongeze jambo lililochelewesha mazungumzo ya Codex ya kurekebisha kiwango hicho cha mwaka 1987, nalo ni utamu wenyewe. Laktosi ina utamu hafifu sana ukiilinganisha na sukari ya miwa. Wapo wajumbe waliotaka kiwango kitamke kuwa maziwa ya watoto hawa yasiwe matamu kuliko laktosi, na wapo waliopinga wakisema kuwa utamu hupimwa kwa ndimi za waonjaji na hakuna kipimo kilichokubalika kimataifa ambacho maabara ya kila nchi ingeweza kukitumia. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini mimi niliyekaa kliniki ya watoto kwa miaka mingi najua kuwa ulimi wa mtoto haungoji maabara. Mama alikuwa akija na mtoto wa mwaka mmoja, ananiambia mtoto hali mtori wala uji usiotiwa sukari, na ukimdadisi taratibu unakuta alianza kupewa vitu vitamu mapema.

Kuhusu Neema: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unasema kuwa mtoto wa miezi 12 hadi 23 anaweza kunywa maziwa ya wanyama, na kwamba maziwa maalumu ya kopo ya umri huo hayapendekezwi. Chemsha maziwa ya Kibosho vizuri. Wiki ya kwanza changanya robo ya maziwa ya ng'ombe na robo tatu ya kopo lililokwisha kukorogwa kwa vipimo vyake, kisha ongeza kidogo kidogo. Akikataa leo, mpe tena kesho, na usimtilie sukari ili akubali.

Msambazaji wa bidhaa, Arusha

Kwa heshima, naomba tusisahau bei. Laktosi hutolewa kwenye maziwa, ilhali maltodekstrini hutengenezwa kwa wanga wa mahindi, nao ni malighafi nafuu. Tukidai laktosi tupu, kopo litapanda bei, na mama asiyemudu atalipunguza kwa kuongeza maji. Hatari hiyo ni kubwa kuliko gramu mbili za glukosi.

Mfamasia, Kaloleni, Arusha

Ndugu msambazaji, hofu yako ya maji ni ya kweli na nimeiona kwa macho yangu mtoto akiletwa amekonda huku kopo likiwa bado lipo nyumbani. Lakini hoja yako inahusu maltodekstrini, ambayo haina utamu mkubwa na ambayo hakuna hapa aliyeikataa. Sirapu iliyowekwa ili maziwa yapendwe ni jambo jingine.

Tena kuna mahali pabaya zaidi, napo ni uji wa nafaka wa paketi. Kiwango cha Codex cha vyakula hivyo kinaruhusu sukari ya kuongezwa hadi gramu 5 kwa kilokalori 100 katika aina fulani na gramu 7.5 katika aina nyingine, yaani hadi asilimia 30 ya nishati, kwa mtoto wa miezi sita! Aprili 2024 shirika la Public Eye la Uswisi pamoja na IBFAN, mtandao wa kimataifa unaotetea unyonyeshaji, walionesha kuwa uji wa Cerelac wa Nestlé uliouzwa katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ulikuwa na sukari iliyoongezwa, wakati bidhaa kuu za uji za kampuni hiyo huko Uswisi hazikuwa nayo.

Codex haitufungi mikono. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu usalama wa chakula unairuhusu nchi kuweka masharti makali zaidi ikiwa ina ushahidi wa kisayansi. Tangu 2019 chakula kiko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na viwango vya pamoja vya Afrika Mashariki huratibiwa na Jumuiya ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha. Rasimu zinapotolewa kwa maoni ya wananchi, wazazi nao waandike.

Mama Neema, Majengo, Moshi

Nawashukuru nyote. Nimerudi kulitazama kopo. Jedwali la virutubisho linataja wanga kwa jumla tu. Kiasi cha sirapu hakikuandikwa popote, kwa hiyo hata hizo gramu 2.5 siwezi kuzihakiki nikiwa nyumbani. Nitaliandikia TBS kuhusu jambo hilo moja. Jioni hii nimemchanganyia robo ya maziwa ya ng'ombe kama muuguzi alivyoelekeza. Amekunywa nusu kikombe.